Kompresa inaunguza, valvu inapoa: joto la upepo linatoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa matairi hapa Unga Limited, Arusha. Kompresa yangu ikijaza tangi, kichwa chake kinaunguza hata hukigusi, na hakuna aliyewasha moto. Nikitoa upepo kwenye tairi la lori, valvu inapoa mpaka inaloa umande. Binti yangu yuko kidato cha tano, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Anasema upepo una joto ndani yake: ukiubana linakamuliwa kama maji kwenye sponji, ukiuachia unalinyonya tena. Ameniandikia PV = nRT, anasema jibu lote limo humo. Sikuridhika. Kama joto linakamuliwa, mbona linakamuliwa kutwa nzima na haliishi? Na je, hiyo ndiyo sababu ya baridi ya mlimani, ingawa kule ni karibu na jua? La mwisho, wateja wanauliza naitrojeni. Ninunue mashine yake au niachane nayo?

JIBU: Marahaba, fundi. Hilo swali lako la "mbona haliishi" ndilo lililoanza kuizika nadharia ya sponji zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kwa hiyo usimcheke binti yako, ila usimwache ashinde. Alichokueleza kiliaminiwa na vichwa vikubwa sana. Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyeinyoosha kemia, mwaka 1789 aliliorodhesha joto kuwa elementi, pamoja na oksijeni na hidrojeni. Wakati ule joto lilidhaniwa kuwa kimiminika chepesi kisicho na uzito, kinachojificha ndani ya vitu na kutoka vikibanwa. Na ukweli ni kwamba ukiitazama kompresa peke yake, huwezi kuwakosoa.

Nadharia ilikwama kwenye kusuguana. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, anayefahamika zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alieleza jaribio alilolifanya akisimamia utengenezaji wa mizinga mjini Munich, Ujerumani. Alichukua keekee butu, akaibana ndani ya mzinga uliozungukwa na maji, akafunga farasi wa kuzungusha. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka, na moto haukuwashwa. Farasi wakaendelea kuzunguka, joto likaendelea kuja. Kitu kinachotoka bila kikomo kwenye kipande kimoja cha chuma hakiwezi kuwa kilikuwa kimehifadhiwa humo. Rumford aliuliza swali lako, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mizinga.

Basi jibu lenyewe ni hili: joto linalounguza kichwa cha kompresa halikuwa limejificha kwenye upepo. Umelinunua kwa LUKU. Umeme umezungusha mota, mota imesukuma pistoni, pistoni imefanya kazi juu ya hewa, na kazi hiyo ndiyo iliyopandisha jotoridi ya hewa, yaani zile nyuzi zinazosomwa na kipimajoto. Mota ikiendelea kuzunguka, joto halitaisha. Umeme ukikatika, na lenyewe litakwisha.

Ninaposema "kazi" nina maana ya nguvu inayosukuma kitu kikasogea. Gesi ina nishati ya ndani, ambayo kwa sehemu kubwa ni mwendo wa molekuli zake. Nishati hiyo inaweza kuongezeka kwa njia mbili. Njia moja ni joto: kitu chenye jotoridi ya juu kinagusana na gesi, na nishati inahama bila mtu kusukuma chochote. Njia nyingine ni kazi: unaisukuma gesi, ujazo unapungua, na nishati inaingia hata kama kila kilichoizunguka kina jotoridi sawa nayo. Ikishaingia, hakuna kipimo duniani kitakachokuambia imepitia njia ipi. Hewa ya nyuzi 80 iliyopashwa kwa jiko na hewa ya nyuzi 80 iliyobanwa kwa pistoni, zikiwa na ujazo na presha sawa, ni hewa moja. Kwa sababu hiyo usemi wa "joto lililomo ndani ya gesi" hauna mashiko. Joto na kazi ni majina ya nishati ikiwa njiani. Iliyokwisha kuingia ni nishati ya ndani tu.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya thamodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi. Binti yako ataikuta imeandikwa ΔU = Q − W: badiliko la nishati ya ndani ni joto lililoingia ukitoa kazi iliyofanywa na gesi. Kwenye kemia ataikuta ΔU = Q + W, na huko W ni kazi iliyofanywa juu ya gesi. Hazipingani. Aandike pembeni ya daftari ni nani anamsukuma nani kabla hajaanza kukokotoa, maana alama hiyo moja inawaangusha wanafunzi wengi kuliko fizikia yenyewe.

Kazi inaingiaje kwenye hewa? Kwa jotoridi ya kawaida ya Arusha, molekuli za hewa zinakimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde, kila moja na upande wake. Molekuli ikigonga ukuta uliotulia inarudi na kasi ileile. Ikigonga pistoni inayokuja mbele yake, inarudi na kasi zaidi ya iliyokuja nayo. Zidisha ongezeko hilo dogo kwa mabilioni ya mabilioni ya migongano, na jotoridi imepanda. Pistoni ikirudi nyuma ni kinyume chake: molekuli zinazoigonga zinarudi zimepunguza kasi, na gesi inapoa. Hakuna kilichokamuliwa wala kunyonywa.

Kiasi gani? Tuchukue hewa ya nyuzi 25, yaani kelvini 298, tuibane haraka mpaka presha yake kamili (ya geji ukijumlisha ya nje) iwe mara 10 ya presha ya nje. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye tangi lako sindano ya geji ikikaribia PSI 115. Kama hakuna joto lililopata nafasi ya kutoroka, jotoridi inazidishwa na 10 iliyopandishwa kwa kipeo 0.286, ambayo ni karibu 1.93. Tunapata kelvini 575, yaani kama nyuzi 300. Kiuhalisia hufiki huko, kwa sababu chuma cha silinda kinanyang'anya joto wakati pistoni ingali inapanda, na yale mapezi yaliyoizunguka silinda yamewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana mapezi yaliyojaa vumbi na grisi yanaua kompresa mapema. Injini za dizeli za magari ya watalii unayoyahudumia zinaitegemea hali hii moja kwa moja. Hewa ikibanwa hadi sehemu moja ya 18 ya ujazo wake inaweza kupita nyuzi 650, na dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe bila plagi ya kuwashia. Rudolf Diesel aliionyesha injini yake ikifanya kazi vizuri mwaka 1897, na mpaka leo inayofanya kazi ya kiberiti ni pistoni.

Sasa PV = nRT. Binti yako ana fomula sahihi, lakini anaitwisha mzigo usio wake. P ni presha, V ni ujazo, n ni idadi ya moli (kipimo cha wingi wa molekuli), T ni jotoridi kwa kelvini, na R ni 8.314. Ukimwambia ujazo umepungua nusu, fomula hiyo peke yake haijui kilichotokea. Inawezekana presha imepanda mara mbili na jotoridi haikubadilika. Inawezekana presha imepanda mara 2.6 na jotoridi imepanda pia. Majibu yote mawili yanaitosheleza. Mwambie achukue bomba la sindano lisilo na sindano, azibe mdomo kwa kidole na asukume. Akisukuma polepole, joto linapata muda wa kutoka kupitia plastiki, na tunakaribia hali ya kwanza. Akisukuma kwa ghafla, joto halina muda, na tunakaribia ya pili. Fomula inasema presha, ujazo na jotoridi vinahusianaje pale gesi inapokuwa imetulia. Ni njia gani imepitwa, hilo linajibiwa na ile sheria ya joto na kazi.

Kuna kipande cha tatu, na bila hicho hesabu haifungi. Kwa gesi kamilifu, yaani ile ya kufikirika ambayo molekuli zake hazivutani kabisa, nishati ya ndani inategemea jotoridi peke yake. Ujazo hauhusiki, presha haihusiki. Hewa ya kibanda chako inakaribia sana ukamilifu huo. Aliyeonyesha hivyo ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, na jaribio alilolichapisha mwaka 1845 ni kama alilitengeneza kwa ajili yako.

Kwanza alisukumia hewa ndani ya chombo cha shaba mpaka presha ikafika kama mara 22 ya hewa ya kawaida, chombo na pampu vikiwa ndani ya maji. Maji yakapata joto, na joto hilo likalingana na kazi ya kusukuma. Kisha akachukua vyombo viwili vilivyounganishwa kwa bomba lenye koki, kimoja kimejaa hewa iliyobanwa, kingine kitupu kabisa, akavizamisha pamoja kwenye maji, akafungua koki. Hewa ikatawanyika ikajaza vyote viwili. Kwa nadharia ya sponji, hewa iliyotanuka namna hiyo ilipaswa kunyonya joto na kuyapoza maji. Kipimajoto hakikusogea. Mwisho akaiachia hewa iliyobanwa itoke na kuisukuma hewa ya nje ili ipate nafasi, na safari hii maji yakapoa.

Linganisha hayo mawili ya mwisho, maana sponji inafia hapo. Hewa ilitanuka mara zote mbili. Ilipotanuka kwenye utupu haikusukuma kitu, haikufanya kazi, haikupoa. Ilipotanuka huku inaisukuma anga, ilifanya kazi, ikalipa kwa nishati yake ya ndani, ikapoa. Kinachopoza ni kazi. Kutanuka kwenyewe hakupozi.

Valvu yako basi. Unapotoa upepo kwenye tairi la lori, hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoisukuma ile inayotoka. Inafanya kazi, na inapoa ikiwa bado ndani ya tairi. Tairi lenye presha kamili mara 3 ya hewa ya nje likitolewa upepo haraka, bila joto lolote kuingia kutoka kwenye mpira na rimu, hewa ya mwisho kubaki ingefika kama nyuzi 55 chini ya sifuri. Haifiki, kwa sababu mpira na chuma vinaipasha, lakini ubaridi unatosha kuipoza valvu hadi mvuke wa hewa ya nje ugeuke kuwa matone juu yake. Kidole chako kinahisi baridi zaidi kuliko ilivyo, kwa kuwa upepo unaopita kwa kasi unakausha jasho. Mtungi wa gesi ya kupikia unaotoa umande hauko kwenye hesabu hii. Humo mna kimiminika kinachochemka na kuwa gesi, na uchemkaji ndio unaokula joto. Nataja kwa sababu wanafunzi huuleta mfano huo kila mara.

Nimesema hewa "inakaribia" ukamilifu. Mwaka 1852 Joule na William Thomson walipitisha gesi kwenye kizibo chenye vinyweleo, wakakuta inapoa kidogo hata pale ambapo gesi kamilifu isingepoa. Kwa hewa ni kama robo ya nyuzi kwa kila presha moja ya anga inayoshuka. Kwenye tairi hutaiona. Lakini mwaka 1895 Carl von Linde aliirudia hatua hiyo ndogo mara nyingi mfululizo mpaka akapata hewa iliyogeuka kimiminika, na oksijeni nyingi ya mitungi duniani hupatikana kwa kuigeuza hewa kuwa kimiminika na kuitenganisha.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi binafsi naliona tamu kuliko yote, na ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Tangi lako la lita 100 likiwa na presha tuliyoitaja linabeba hewa ya uzito wa kama kilo moja. Lijaze jioni, zima kompresa, liache lipoe hadi asubuhi. Geji imeshuka kidogo, lakini tangi bado limeshiba. Je, ile kilo moja ya hewa ina nishati ya ndani zaidi ya ilivyokuwa jana ikizurura nje barabarani? Haina. Jotoridi ni ileile, na kwa gesi kamilifu nishati inafuata jotoridi tu. Umeme wote ulioulipia umeshatoka kama joto na kuipasha hewa ya kibanda.

Najua utasema: mbona basi asubuhi tangi hilo linazungusha ile mashine ya upepo ya kufungulia nati? Nishati inatoka wapi? Inatoka kwenye nishati ya kawaida ya hewa yenyewe, ile iliyokuwa nayo tangu nje. Hewa inatanuka, inasukuma, inapoa, na ndiyo maana tundu la kutolea upepo la mashine hiyo huwa baridi. Kisha chuma na mazingira vinaipasha tena taratibu. Hewa ya barabarani ina nishati ileile lakini haiwezi kukufungulia hata nati moja, kwa sababu presha yake ni sawa na ya kila kilichoizunguka na haina pa kukimbilia. Ulichokinunua kwa umeme ni tofauti ya presha, yaani uwezo wa kuitumia nishati ambayo tayari ilikuwepo. Hapo tumeingia kwenye sheria ya pili ya thamodinamiki, ile ya entropia, na binti yako akiifikia darasani mwambie arudi alitazame tangi.

Usidanganyike na maneno "haina nishati zaidi" ukalidharau. Tangi hilo likipasuka, hewa inaweza kufanya kazi ya karibu jouli 70,000 kwa kufumba na kufumbua. Kazi hiyo inatosha kuinyanyua gari ya tani moja mita 7 juu. Ndiyo maana matangi hupimwa uimara kwa kujazwa maji kisha kutiwa presha. Maji hayabanwi kwa kiasi cha maana, kwa hiyo chuma kikiachia yanamwagika tu. Fundi anayelipima tangi lililochomelewa viraka kwa kulijaza upepo anacheza na maisha yake na ya jirani.

Na kila jioni fungua koki ya chini ya tangi. Hewa yenye unyevu wa kawaida hapa inaweza kubeba gramu 14 hivi za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiibana ikawa sehemu ya kumi na ikapoa, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2 na ushei. Zinazobaki zinakuwa maji ndani ya tangi, na tangi linaliwa na kutu kuanzia chini, mahali usipopaona.

Kuhusu geji, nitasema kwa sababu ni hesabu ambayo binti yako ataikosea kwenye mtihani na wewe utaikosea kwa mteja. Geji haisomi presha kamili. Inasoma iliyozidi ya nje. Arusha, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, presha ya nje ni karibu PSI 12.5, wakati Tanga baharini ni 14.7. Gari limelala usiku kwa nyuzi 20, geji inasoma 30. Presha kamili ni 42.5. Limekwenda Namanga na kurudi, tairi limefika nyuzi 55. Kelvini zimetoka 293 kwenda 328, presha kamili inakuwa 47.6, na geji itasoma 35. Mwanafunzi anayezidisha 30 kwa 55 na kugawa kwa 20 atapata zaidi ya 82, tairi la kupasuka, kwa sababu ametumia selisiasi na presha ya geji kwenye fomula inayotaka kelvini na presha kamili. Fundi naye akiiona 35 kwenye tairi lenye moto na kulipunguza hadi 30, kesho asubuhi mteja ana 25 na nusu, na tairi linakula pembeni. Pima tairi likiwa baridi, basi.

Tupande mlimani. Ukaribu na jua hauna uzito: kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na jua liko kilometa milioni 150. Mwanga wa jua unapita hewani bila kuipasha sana, unapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini. Hewa iliyopata joto Moshi inapanda. Juu presha ni ndogo, mpaka kileleni ni kama nusu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo hewa inatanuka ikiisukuma hewa inayoizunguka. Inafanya kazi. Inapoa, bila mtu yeyote kuichukulia joto. Ni valvu yako kwa kipimo cha mlima.

Hewa kavu inayopanda hivyo inapoteza karibu nyuzi 9.8 kwa kila kilometa. Hapo kuna jambo. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kama kilometa 5, kwa hiyo tungetarajia kupungua kwa nyuzi 49, na kilele kingekuwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kwa wastani. Wastani wake halisi ni kama 7 chini ya sifuri. Kilichoingilia kati ni unyevu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukipanda miteremko ya kusini unapoa, mvuke unageuka matone, na kila kilo ya mvuke inayogeuka maji inaachia karibu jouli milioni 2.5 ndani ya hewa hiyohiyo. Kupoa kunapungua kasi, wastani unashuka hadi nyuzi 6 hivi kwa kilometa. Mawingu yale yanayoufunika mlima kuanzia saa nne asubuhi, mvua ya Kibosho, Machame na Marangu, migomba na kahawa ya huko, vyote vinatoka kwenye hewa iliyofanya kazi ikapoa.

Upande wa pili wa mlima hewa inashuka. Presha inaongezeka, inabanwa, inapata joto, na maji yake ilishayaacha upande wa kusini. Kwa Mlima Meru unaliona hili kwa macho kwenye barabara yako ya Namanga: ukishapita Ngaramtoni kijani kinaanza kukukimbia, na ukifika Oldonyosambu ni vumbi. Hewa ya Oldonyosambu imepitia kile kinachotokea ndani ya silinda ya kompresa yako, ila taratibu na kwa eneo kubwa.

Imebaki naitrojeni. Wauzaji wa mashine husema haipandi presha tairi likipata moto. Rudi kwenye PV = nRT uitafute herufi inayotaja aina ya gesi. Haipo. Moli moja ya naitrojeni na moli moja ya hewa, kwenye ujazo mmoja na jotoridi moja, zina presha moja, na zikipashwa zinapanda sawasawa. Isitoshe, asilimia 78 ya hewa unayojaza leo ni naitrojeni tayari. Inachokizidi upepo wa kompresa ni ukavu: upepo wenye maji unapandisha presha zaidi ya kawaida joto likiongezeka, na unaozesha rimu kwa ndani. Pia naitrojeni hupenya mpira polepole kuliko oksijeni, kwa hiyo tairi hukaa muda mrefu kidogo kabla ya kuhitaji kuongezwa. Matairi ya ndege kubwa zinazotua KIA hujazwa naitrojeni kwa sababu yanapata moto mkali breki zinaposhikwa, na hakuna anayetaka oksijeni na unyevu humo ndani. Noah ya kwenda Usa River haina shida hiyo. Kwa fedha yako, nunua kichujio cha kukausha upepo ukifunge baada ya tangi, umwage maji kila jioni, na usogeze mlango wa kuvutia hewa wa kompresa mahali penye kivuli. Mteja akisisitiza naitrojeni, mwelekeze kwa anayeiuza.